Usitie estradioli kabla hujaiondoa: jibu kwa anayetaka kupima BDNF na BCL2

Mkuu, simama hapo hapo. Usiyeyushe hizo seli bado.

Umeandika kwamba utaotesha SH-SY5Y (seli za saratani ya neva zinazotumika badala ya nyuroni) kwenye media ya kawaida ya kulishia seli, DMEM, yenye seramu ya ndama asilimia 10, utie estradioli, yaani estrojeni kuu ya mwili, nanomola 10 kwa saa 24, upime jeni za BDNF (ya kulisha nyuroni) na BCL2 (ya kuzuia seli kufa) kwa qPCR, kipimo cha RNA, kisha uziunguze kwa peroksidi ya hidrojeni uone kama zimekingwa. Umeuliza dozi, jeni, kingamwili, marudio mangapi, na kama matokeo yatasaidia kueleza kusahausahau kwa wanawake waliokoma hedhi. Nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza. Media yako ina estrojeni tayari, kabla hujafungua kichupa chako cha estradioli.

Kosa hili nimelilipia kwa miezi mingi na kwa seramu ya kuagiza nje. Aliyenipa itifaki aliandika "media ya kawaida", basi. Wakala wa vifaa naye akaniambia seramu ni seramu. Hadi leo nina hasira na wote wawili, pamoja na kila anayechapisha makala ya estrojeni bila kusema kama seramu yake ilichujwa. Neno moja tu lingetosha kumwokoa anayekuja nyuma.

Tuanze na ile rangi nyekundu. Fenoli nyekundu imewekwa kwenye media ili ikuonyeshe asidi inapopanda, lakini umbo lake linakaribiana na la estrojeni. Mwaka 1986 Berthois, pamoja na John na Benita Katzenellenbogen, walionyesha kwamba kwa viwango vilivyomo ndani ya media za kila siku, yaani mikromola 15 hadi 45, rangi hiyo inaamsha seli za saratani ya matiti za MCF-7 kama homoni yenyewe. Baadaye ikajulikana kuwa mhusika mkubwa ni uchafu unaobaki humo wakati rangi inatengenezwa. Ndiyo maana chupa mbili za kampuni moja zinaweza kukupa matokeo mawili.

Halafu seramu. Imetoka kwa ndama aliyekuwa tumboni, kwa hiyo ina steroidi za mama na za kondo, na kiasi hubadilika kutoka bechi hadi bechi. Kipokezi alfa cha estrojeni hushika estradioli kwa nguvu sana, hata sehemu ya kumi ya nanomola kinaiona. Homoni ikishaingia, kipokezi huachana na HSP90, protini inayokishikilia, heliksi ya 12 hujikunja na kufunga mlango, vipokezi viwili huungana na kukaa juu ya DNA penye GGTCA, herufi tatu zozote, kisha TGACC. Hapo huita protini wasaidizi kama SRC-1 na p300, histoni hutiwa asetili, jeni inaanza kunakiliwa. Sasa ikiwa hayo yote yamekwisha kutokea kwenye sampuli yako linganishi, nanomola 10 utakazoongeza zitaamsha nini? Utapata ongezeko la mara 1.1, utahitimisha kwamba estrojeni haigusi BDNF, na hitimisho hilo litakuwa uongo.

Kwa hiyo sheria ni hii: ondoa kwanza, thibitisha kwamba imeondoka, ndipo utie.

Nunua DMEM isiyo na fenoli nyekundu. Nunua seramu iliyochujwa kwa mkaa na dekstrani, au ichuje mwenyewe: kwa kila mililita 100 za seramu tia gramu 1 ya mkaa ulioamilishwa na gramu 0.1 ya dekstrani T-70, tikisa kwenye joto la sentigredi 55 kwa dakika 30, zungusha kwenye sentrifuji hadi mkaa ukae chini, rudia mara ya pili kwa mkaa mpya, kisha pitisha kwenye kichujio cha mikromita 0.22. Usipozungusha vya kutosha, vumbi la mkaa litaziba kichujio na utakitupa. Mkaa hauchagui: unaondoa pia homoni za tezi, kotisoli na vitamini za mafuta, kwa hiyo seli zitakua polepole. Hilo si tatizo mradi makundi yako yote yako kwenye seramu ileile. Ukilinganisha "seramu ya kawaida" na "seramu iliyochujwa pamoja na estradioli", umepima mkaa.

Zipe seli saa 72 kwenye media hiyo, seramu asilimia 5, na ubadilishe media kila siku. Siku ya kwanza seli bado zinatema homoni zilizokuwa nazo.

Plastiki nayo ina yake. Ana Soto na Carlos Sonnenschein, mwaka 1991, waligundua kwamba seramu waliyokwisha kuiondolea homoni ilikuwa inaamsha seli tena, na chanzo kilikuwa nonilfenoli iliyovuja kutoka kwenye mirija ya polistirini waliyoihifadhia. Miaka miwili baadaye David Feldman na wenzake wakakuta bisfenoli A inatoka kwenye chupa za polikaboneti zinazopikwa kwenye otoklevu. Hifadhi seramu iliyochujwa kwenye chupa za glasi. Estradioli pia iweke kwenye glasi, kwa sababu inagandia kwenye kuta za plastiki na dozi inapungua bila wewe kujua.

Uthibitisho ndio kila mtu anauruka, na ndio ningekuomba usiuruke hata kama fedha ni kidogo. Chukua MCF-7, seli ambazo kipokezi alfa kimejaa. Baada ya saa 72 gawanya makundi manne: ethanoli tu, estradioli nanomola 10, fulvestranti (dawa inayozima kipokezi) nanomola 100, na fulvestranti iliyotangulia saa moja kabla ya estradioli. Pima GREB1 na PGR, jeni zinazoitikia estrojeni, baada ya saa 24. Estradioli lazima ipandishe zote mbili, na fulvestranti lazima izime hilo ongezeko. Lakini kundi la kutazama kwa makini ni la fulvestranti peke yake. Likishuka sana chini ya kundi la ethanoli, media yako bado ina estrojeni na unarudi kwenye mkaa. Likishuka kidogo tu, fikiria insulini na vichocheo vya ukuaji, maana njia ya MAPK, mnyororo wa ishara ndani ya seli, inaweza kutia fosfati kipokezi alfa kwenye serini ya 118 na kukiamsha bila homoni yoyote.

Dozi. Estradioli ina uzito wa molekuli 272.4, hivyo miligramu 2.72 kwenye mililita 1 ya ethanoli safi ni milimola 10. Punguza ndani ya ethanoli hadi uwe na vichupa vya mikromola 10, 1 na 0.1. Kisha kila kundi lipate mikrolita 1 kwa mililita 1 ya media: utapata nanomola 10, 1 na 0.1, na ethanoli ni asilimia 0.1 kwa wote, wasiopewa homoni wakiwemo. Funga vichupa sana. Ethanoli ikikauka, dozi inapanda kimyakimya.

Usithubutu kupanda hadi mikromola 10 ili "upate matokeo". Kwa kiwango hicho pete ya fenoli ya estradioli inanasa radikali huru yenyewe, bila kipokezi na bila jeni. Utaona seli zimepona na utaandika kuwa BCL2 ndiyo iliyoziokoa. Ukitaka kujua, weka kundi la 17-alfa-estradioli, ambayo hushika kipokezi kwa udhaifu. Ikikinga sawasawa na 17-beta, unachokiona ni kemia ya kuzuia oksidi. Na hiyo peroksidi yako: angalia kama DMEM ina piruvati. Piruvati huila peroksidi, na watu hupandisha dozi wakidhani seli zao ni sugu.

Wale wanaohamia nyuroni halisi wakidhani wamekwepa seramu, B27, kirutubisho kinachotiwa badala ya seramu, ina projesteroni, kotikosteroni, vitamini E na katalesi (kimeng'enya kinachovunja peroksidi) ndani yake. N2, kirutubisho kingine, ina projesteroni pia. Tafuta B27 isiyo na vizuia oksidi, na Neurobasal, media ya nyuroni, isiyo na rangi. Hata hapo nyuroni zina aromatesi na zinajitengenezea estradioli, kwa hiyo weka kundi la letrozoli, inayozuia aromatesi.

Jeni ulizochagua si mbaya, ila fahamu kwamba BDNF na BCL2 huweza kuamshwa pia kupitia CREB, protini inayowasha jeni. Estradioli kwenye utando wa seli huwasha vimeng'enya vya ishara ERK na PI3K kwa dakika 5 hadi 30, CREB hutiwa fosfati, jeni inafuata. Saa 24 peke yake haitakuambia ni njia ipi. Pima ERK yenye fosfati dakika ya 15, kisha RNA saa ya 2, ya 6 na ya 24. Na usitumie fulvestranti kama ushahidi wa mwisho, kwani inakiamsha GPER, kipokezi cha estrojeni cha kwenye utando, badala ya kukizima. Ongeza G15 inayoizima GPER, PPT inayoamsha kipokezi alfa na DPN inayoamsha kipokezi beta.

Kingamwili ya kipokezi beta: mwaka 2017 zilipimwa 13, ikathibitika moja tu, PPZ0506. Kabla ya chochote hakikisha SH-SY5Y zako zina kipokezi, kwa sababu viwango hutofautiana maabara hadi maabara. Kwa panya walioondolewa ovari na kuzibwa mshipa wa ubongo, alfa ndiyo iliyoonekana kubeba kinga: Dubal na wenzake walionyesha mwaka 2001 kuwa panya wasio na alfa walipoteza kinga ya estradioli, na wasio na beta walibaki nayo.

Kuhusu wanawake waliokoma hedhi, usivuke kutoka kwenye sahani ya seli hadi huko. Jaribio la WHIMS la Marekani mwaka 2003, kwa wanawake wa miaka 65 na zaidi, lilikuta estrojeni ya farasi pamoja na medroksiprojesteroni imeongeza shida ya akili karibu maradufu. Umri wa kuanza na aina ya homoni vina uzito, na seli zako hazina umri wala mishipa.

Fanya hicho kipimo cha makundi manne wiki hii. Namba za GREB1 zilete hapa pamoja na namba ya bechi ya seramu, kabla hujagusa peroksidi.