Mzunguko ukiisha, mchezo upangwe upya

Kwa miaka minne nimekuwa kijumbe, yaani msimamizi, wa mchezo wa kupeana fedha kwa zamu kati ya wafanyabiashara 12 wa sokoni. Kila Jumamosi kila mmoja hutoa shilingi 20,000, na mwenye zamu hukabidhiwa zote 240,000. Nilipoanza niliamini kwamba umoja hulindwa kwa kuwafunga watu pamoja, nikaweka sharti kwamba hakuna kutoka wala kuingia hadi tumalize mizunguko mitatu.

Sharti hilo ndilo lililotuumiza. Mwenzetu mmoja alipokea zamu ya tatu, kisha akaanza kuleta 10,000, mara 5,000, mara udhuru. Madeni yake niliyaandika kwa kalamu nyekundu kwenye kaunta buku, na kila aliyekuja kulipa aliyaona. Wiki chache baadaye hata waaminifu walianza kuchelewesha, wala si kwa roho mbaya, bali kwa sababu inauma kutoa chote huku asiyetoa akiendelea kuhesabiwa mwenzenu. Mama wa zamu ya mwisho alipokea 130,000.

Nilielewa vizuri zaidi niliposoma jaribio ambalo David Rand, Samuel Arbesman na Nicholas Christakis walilichapisha mwaka 2011. Watu 785 waliamua, awamu baada ya awamu, kama watajigharimu ili kuwafaidi wale waliounganishwa nao. Pale ambapo hawakuweza kuchagua wenzao, au waliweza kwa nadra tu, ushirikiano ulififia. Pale walipopewa nafasi hiyo mara kwa mara, ulidumu, kwa kuwa waliwaacha wachoyo na kuwafuata wakarimu.

Kwa hiyo nakushauri, wewe unayeongoza mchezo, uuvunje rasmi kila mzunguko unapoisha, na kila mtu aseme kwa hiari anataka kuendelea na nani. Usiruhusu hilo katikati ya mzunguko, maana aliyekwisha kupokea ataondoka na fedha za wasiopokea. Katika mchezo wetu uhuru wa kuchagua unafaa pale tu ambapo hakuna anayemdai mwenzake. Anayeingia mara ya kwanza mpe zamu ya mwisho, mpaka daftari limshuhudie.

Yule mwenzetu hakuchaguliwa mzunguko uliofuata. Miezi sita baadaye alikuja nyumbani kwangu na deni lake lote, akaomba kurudi. Tulimpa zamu ya 12, na hadi ilipofika hakuchelewesha hata Jumamosi moja.