Kabla ya Kuilaumu Ruta, Tenganisha Waya na Hewa

Intaneti ya nyumbani ikianza kusuasua, wengi wetu huzima ruta, huiwasha tena, na tatizo likirudi hununua nyingine. Nimewasaidia ndugu na majirani wengi katika jambo hili, na ushauri ninaoutoa kwanza ni uleule: usibadilishe chochote kabla hujajua kasoro iko upande gani. Mtandao wa nyumbani una njia mbili zinazofuatana. Ya kwanza hutoka kwa mtoa huduma hadi kwenye ruta, na ya pili hutoka kwenye ruta hadi kwenye simu au kompyuta kupitia hewani, yaani Wi-Fi. Kila moja ina kasoro zake, na dawa ya moja haiisaidii nyingine.

Namna ya kuzitenganisha ni kuchukua kompyuta, kuiunganisha na ruta kwa waya wa mtandao, kuzima Wi-Fi ya kompyuta hiyo, kisha kupima kasi asubuhi na tena jioni wakati watu wengi wako mtandaoni. Kumbuka kwamba watoa huduma hutangaza kasi kwa megabiti, ilhali programu nyingi za kupakua mafaili huonyesha megabaiti, na megabaiti 1 ni sawa na megabiti 8. Kwa hiyo huduma ya megabiti 40 kwa sekunde ikionyesha megabaiti 5, hujapunjwa. Ukiona kasi kwa waya ni nzuri na kwa Wi-Fi ni mbovu, basi mtoa huduma hana kosa.

Kwa mtandao unaokatika na kurudi, kipimo ninachokitegemea zaidi ni amri ya ping, ambayo hutuma ujumbe mdogo kwenye anwani fulani na kupima jibu linachukua muda gani kurudi, nayo imo katika karibu kila kompyuta. Ukiwa kwenye Wi-Fi, fungua madirisha mawili ya amri. Katika dirisha la kwanza iulize ruta yenyewe kwa kuandika ping na anwani yake, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1 na huandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya kifaa. Katika la pili uliza anwani ya nje, kwa mfano 8.8.8.8 ya Google. Yaache yote mawili yaendelee, kisha uyatazame mtandao unapokwama. Ruta ikiendelea kujibu kwa milisekunde 3 au 4 huku majibu ya nje yakipotea, Wi-Fi ya nyumbani mwako ni salama na kasoro iko kwenye njia ya kwanza, ile ya kutoka ruta kwenda kwa mtoa huduma. Lakini ukiona ruta iliyo chumba cha pili inajibu kwa milisekunde 300, kisha inanyamaza kabisa, tatizo limo humo humo ndani.

Nyumba moja niliyoiangalia ilikwama kila jioni, na madirisha hayo ndiyo yaliyotoa jibu. Ruta ilijibu vizuri, ila majibu ya nje yalipanda hadi zaidi ya sekunde nzima mara tu wenye nyumba waliporudi nyumbani kutoka kazini, kwa sababu simu zao zilianza kupeleka picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni. Njia ya kupakia ikijaa, hata kurasa nyepesi husubiri foleni. Tulizipangia simu kupakia usiku wa manane, na katika mipangilio ya ruta tukaweka kikomo cha kasi ya kupakia kilicho chini kidogo ya uwezo wa laini. Ruta yao ilikuwa nzima muda wote huo.

Kasoro ikiwa ya hewani, anza na mahali ruta ilipo. Kabati, televisheni, vioo, matangi ya maji na kuta za zege zote hudhoofisha mawimbi, hivyo iweke juu, wazi, karibu na katikati ya nyumba. Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa dBm, na namba zake ni hasi: −50 ni nzuri sana, karibu na −67 bado unaweza kupiga simu ya video bila taabu, na −80 ni ya kuhangaika. Masafa ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini yanagombaniwa na Bluetooth, tanuri za maikrowevu na ruta za majirani. Humo chagua chaneli ya 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani, na upana wa megahezi 20. Vifaa vilivyo karibu na ruta vihamishie kwenye gigahezi 5. Hakikisha pia kwamba aina ya usalama wa Wi-Fi iliyochaguliwa katika mipangilio ya ruta ni WPA2 yenye AES au WPA3, kwa kuwa mpangilio wa zamani wa TKIP huibana kasi isizidi megabiti 54.

Usipuuze adapta ya umeme, kwa sababu ikichoka, ruta hujizima na kujiwasha yenyewe, hasa inapofanya kazi nyingi. Ukiibadilisha, volti zilingane kabisa na zilizoandikwa kwenye ruta, mpangilio wa chanya na hasi uwe uleule, na ampea zisipungue. Waya nao huchakaa: kasi ya gigabiti huhitaji jozi zote nne za nyuzi, na jozi moja ikikatika muunganisho unaweza kushuka hadi megabiti 100 bila onyo lolote.

Vipimo vikionyesha kwamba laini ndiyo mbovu, mpigie mtoa huduma ukiwa na matokeo mkononi: saa ya kila kukatika, kasi uliyoipata kwa waya, na majibu ya ping ya ruta na ya nje. Mwambie mapema kwamba umepima kwa waya, maana hilo ndilo swali la kwanza watakalokuuliza.