Mkilipita Lori, Kila Mtu Aangalie kwa Macho Yake

Msomaji mmoja ametuandikia wiki hii. Wako tisa, wanapanga kutoka Dar kwenda Iringa, pikipiki za kuanzia cc 150 hadi 650, na anauliza kama mwenye pikipiki kubwa ndiye atangulie. Hapana, ndugu yetu. Atangulie mtu anayeweza kwenda mwendo wa yule mwenye cc 150 kutwa nzima bila kuona anacheleweshwa. Swali zito zaidi ni nani atakaa mkiani, na hilo hukuliuliza.

Kwanza, tisa ni wengi. Jigaweni wanne na watano, makundi yaachane kwa dakika 10. Msafara mrefu hujivuta kama mpira: kiongozi anapunguza kwenye tuta, analivuka, anakaza mafuta; wa pili anachelewa kidogo, wa tatu zaidi, na wa tisa bado yuko juu ya tuta wakati wenzake wameshatoweka. Kiongozi yuko 80, wa mwisho anakimbiza 110 ili awafikie. Na huko nyuma ndiko watu hupenda kumweka mgeni! Mgeni akae wa pili, nyuma ya kiongozi. Mkiani akae mzoefu, mwenye simu yenye chaji, spana, pampu, vifaa vya pancha na kisanduku cha huduma ya kwanza. Kiongozi akishavuka tuta asikaze mpaka amwone wa mwisho kwenye kioo.

Kwenye barabara iliyonyooka, pangeni zigizaga. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, kiongozi anakaa upande wa kulia wa njia yenu, wa pili kushoto, sekunde 1 nyuma yake, wa tatu kulia tena, sekunde 2 nyuma ya kiongozi. Kwa mwendo wa 80, sekunde 2 ni kama mita 44. Ubavu kwa ubavu msiende hata kwa dakika moja ya kupiga picha. Shimo likitokea hamna pa kukwepea. Kona, mvua, daraja jembamba: mstari mmoja, na kiongozi anatoa ishara kwa kuinua kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Shimo la kushoto lionyesheni kwa mkono. La kulia kwa kutoa mguu wa kulia, maana mkono wa kulia hauachi mafuta.

Sasa malori, na hapa tunaomba msome polepole. Semi inakwenda 40, wewe 80. Ukihesabu urefu wake pamoja na nafasi ya kutoka na ya kurudi, unahitaji kuizidi kama mita 58, yaani sekunde 5 na ushei. Katika muda huo wewe umekwenda kama mita 115, na basi linalokuja kwa 80 nalo limekula mita 115. Kwa hiyo unahitaji mita 230 zilizo wazi, bila kuhesabu akiba. Kiongozi anaziona, anapita salama. Wa pili akitoka sekunde 2 baadaye, basi limeshasogea mita 44 nyingine. Wa tatu anatoka kwa sababu tu wa pili ametoka. Barabara iliyokuwa wazi kwa wa kwanza imeshafungwa, naye macho yake yako kwenye taa nyekundu ya mwenzake.

Kwa hiyo kiongozi asimpungie mtu mkono kwamba njia iko wazi. Kila mmoja asogee upande wa kulia wa njia, atazame mwenyewe, aamue mwenyewe, apite peke yake. Akishapita asipunguze ghafla. Aendelee na mwendo ili anayefuata apate pa kuingia. Wakibaki watatu nyuma ya lori kwa kilomita 10, wabaki. Walio mbele ndio wapunguze.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, mwendo wa mchana ni 70, na twiga akivuka mmoja tegemeeni wa pili. Kitonga, ule mlima wa kona kali kabla ya Ilula, mnaipanda mkienda, lakini ngumu ni siku ya kurudi. Shukeni kwa gia ya pili, injini iwazuie, breki mbonyeze na kuachia. Ukiishikilia muda wote inapata moto, mafuta ya breki yanachemka, na mkono wa breki unaingia laini mpaka kwenye mshikio huku kona iko mbele yako. Hakuna kupita lori kwenye kona zile, hata likienda mwendo wa mtu anayetembea.

Haya yasemwe kabla ya kuwasha, helmeti zikiwa bado mkononi. Upepo upimwe tairi zikiwa baridi, kwa namba za mtengenezaji. Cheni icheze kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Nyingi ndogo ni milimita 20 hadi 30. Vituo vya petroli vipangwe kwa tenki dogo kuliko yote. Kila mtu ajue majina ya vituo: Chalinze, Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Ilula, aliyeachwa asikimbize, atawakuta. Na Msamvu, barabara ya Dodoma inapoachana na ya Iringa, kila mmoja asimame pembeni, indiketa ikiwaka, asiondoke mpaka aliye nyuma yake amemwona.