Upe mchezo wako sharti: ushauri kwa wabunifu wenye kazi za pembeni

Kila mbunifu wa michoro ninayemjua hapa mjini ana folda moja kwenye kompyuta isiyokuwa na jina la mteja. Ndani yake mna herufi alizoanza kuzichora akaziachia njiani, picha za milango ya Mji Mkongwe, katuni isiyokwisha, kadi ya Idd ya mwaka juzi. Vitu hivyo havijamlipa hata shilingi, na ndivyo anavyokuonesha kwanza ukimtembelea. Nataka kukushawishi uikuze folda hiyo, na nikueleze ninavyoikuza yangu, kwa sababu kazi yangu ya mchana ni ileile ya wengi wetu Unguja: menyu za hoteli, mabango ya matembezi ya watalii, kadi za harusi, nembo ya duka jipya inayotakiwa kesho asubuhi.

Ushauri wenyewe ni mfupi: kazi ya mteja ina lengo, mchezo una sharti. Watazame watoto wakicheza nage. Kabla mpira haujarushwa wameshakubaliana mstari uko wapi na nani akipigwa anatoka, na hakuna hata mmoja anayeuliza nage ni ya nini. Mbunifu anayekaa jioni akajiambia "leo nitachora chochote" mara nyingi hulala na karatasi nyeupe. Mpe rangi moja tu na karatasi ya kiganja, uone.

Anza na mkono, hata kama kazi yako yote iko kwenye skrini. Mkono hausubiri umeme urudi, na unakufundisha mambo ambayo kipanya kinakuficha. Sharti langu la kwanza lilikuwa mihuri, na mihuri hiyo ichongwe kutokana na kitu cha kutupwa. Nikachagua kandambili. Zilizokatika ugwe hazikosekani katika nyumba yoyote, na ukienda ufukweni baada ya maji kupwa utaokota nyingine. Soli ya sponji inakatika vizuri kwa wembe, inashika wino, na ikiharibika unaokota nyingine.

Ioshe, ikauke, kisha ipige msasa upande mmoja mpaka iwe sawa. Chora kwa kalamu. Unapokata, ulaze wembe kidogo kwenda nje ya mstari wako, ili kinachobaki kiwe kipana chini na chembamba juu. Ukikata wima kabisa, mstari mwembamba utalala pembeni ukikandamizwa, na chapa itatoka imepinda. Maandishi lazima yachongwe kinyume. Usijitese kuyageuza kichwani: yaandike kwenye karatasi kwa penseli laini, uilaze karatasi kifudifudi juu ya sponji, uisugue kwa mgongo wa kijiko. Yatahamia yakiwa yameshageuka. Kwa karatasi, wino wa muhuri wa steshenari unatosha. Kwa kitambaa tafuta rangi ya kitambaa, uipake juu ya muhuri kwa kipande cha sponji ya kuoshea vyombo. Ukiuchovya muhuri mzimamzima rangi itajaa kwenye mifereji na ua lako litakuwa doa.

Ninachokipenda kwenye chapa hizi ni zile sehemu ambazo wino haukufika. Hakuna ua linalofanana na jirani yake. Nilipozipiga picha karibu na dirisha, mchana, bila mwanga wa simu, nikaziingiza kwenye Inkscape, ambayo ni programu ya bure na ina amri ya kuifuatisha picha na kuigeuza kuwa mistari ya vekta, ile unayoweza kuikuza bila kuharibika, nikapata maua ambayo nisingeweza kuyachora kwa kipanya hata kwa mwezi mzima. Baadaye yakaingia kwenye menyu ya mteja wa vyakula vya baharini, naye akaipenda kuliko rasimu zote nilizomletea. Lakini sikuwa namchongea yeye. Ningeanza kwa kumwaza mteja, ningechonga samaki na pweza wa kawaida walioko kwenye kila menyu ya pwani, na basi.

Mchezo wangu wa pili ulitoka nyumbani kwa mama yangu mdogo. Anashona kofia za viua. Kama hujawahi kukaa karibu na mshonaji wa kofia, fanya hivyo kabla hujanunua kozi yoyote ya ubunifu. Anachora kwa penseli kwenye kitambaa cheupe, mistari hafifu mno, kisha anaanza tundu moja moja: analitoboa, analizungushia uzi mpaka mdomo wake unakaza, anakwenda la pili. Ua zima ni matundu hayo tu, yamepangwa. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, kwa hiyo kinachochora ua ni kivuli cha tundu na mwinuko wa uzi. Siku ya kwanza nilimuuliza anajuaje matundu yatatosha kuzunguka kichwa bila ua la mwisho kukatika. Akanijibu bila kuinua macho: "Mwanangu, mwisho unauhesabu kabla hujatia sindano."

Nikanunua daftari la hesabu, lile la viboksi, nikaanza kunakili maua yake kwa kujaza viboksi kwa penseli. Hapo ndipo nilipomkumbuka Susan Kare, Mmarekani aliyechora aikoni za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984. Naye alianzia kwenye karatasi ya viboksi: aikoni moja ilikuwa viboksi 32 kwa 32, yaani 1,024, kila kimoja cheusi au cheupe, hakuna kijivu. Nikamwonesha mama mdogo aikoni zile kwenye simu, bila kumweleza ni za nani. Akazitazama kwa muda, akasema, "Huyu kashika sindano." Na ni kweli. Kare ameeleza mwenyewe kwamba kabla ya kompyuta alikuwa ameshafanya kazi za vigae na za sindano, na kwamba kuchora kwa pikseli, yaani vile viboksi vya skrini, ni jamaa ya sanaa hizo.

Basi sharti likapatikana: viboksi 32 kwa 32, nyeusi na nyeupe, na kila picha iwe kitu kinachoonekana kutoka barazani kwetu. Birika la kahawa. Paka. Njumu moja ya mlango, ile shaba iliyochongoka. Baiskeli ya muuza mikate. Mfaa, ule mti wa katikati ya mlango wa nakshi, ulinishinda nguvu kwa siku nyingi, maana nakshi yake ni nyembamba na ndefu na viboksi havina pa kuikunja. Ilibidi niache kuifuata nakshi na nichague alama moja tu inayokufanya useme "huu mlango". Katika kuchora nembo kazi ni hiyohiyo, nami nilijifunza zaidi kwenye lile daftari kuliko kwenye nembo nyingi nilizolipwa.

Ukishazoea mkono, hamia kwenye mashine, na hapa ningependa nikae kidogo, kwa sababu wengi wetu tunaogopa kuandika programu kana kwamba ni kazi ya watu wengine. Mwaka 2001 Casey Reas na Ben Fry walianzisha Processing, lugha ya programu iliyokusudiwa wasanii na wabunifu. Ndugu yake p5.js inafunguka ndani ya kivinjari cha kawaida, bure, na mistari michache tu inakutolea duara kwenye skrini. Nilijiwekea sharti la kutengeneza kanga: kila nikibonyeza, programu ichague pindo la kuzunguka na mji, yaani pambo la katikati, mimi niandike jina, ule msemo wa kanga.

Pindo lilinifunza hesabu niliyoikimbia skuli. Chukua kanga ya sentimita 150 kwa 110. Ukitenga kona za sentimita 15, upande mrefu unabakiwa na 120 na mfupi 80. Kipande cha pambo chenye sentimita 8 kinaingia mara 15 huku na mara 10 kule. Cha 10 kinaingia, cha 20 kinaingia. Cha 12 kinakaa vizuri upande mrefu, halafu kinakataa upande mfupi, na pindo linafika konani likiwa limekatwa kichwa. Kwa hiyo programu yangu haichagui ukubwa wowote, inachagua zile namba zinazogawa 120 na 80 bila baki. Mwisho unahesabiwa kabla ya sindano, kama nilivyoambiwa.

Mji niliuachia uhuru zaidi: korosho, nyota, mananasi, duara ndani ya duara. Rangi zisizidi tatu. Zikitokea nyekundu, nyeusi na nyeupe, programu inaandika "kisutu" kwenye kona ya skrini, kwa heshima ya kanga ya maharusi. Jina sikutaka liandikwe na mashine. Nikazituma kanga tupu kwenye kundi la familia, nikawaambia kila mmoja aandike jina linalostahiki kanga aliyopewa, herufi zisizidi 40. Usiku ule simu haikupoa. Mashangazi walioapa kwamba hawajui mambo ya kompyuta waliandika majina makali kuliko yangu. Moja lilisema: HODI UMEPIGA, MBONA HUINGII? Lilikaa chini ya mji wa mananasi ya njano, na mpaka leo ndiyo kanga ninayoipenda katika zote.

Stika za WhatsApp nazo ni mchezo mzuri kwa anayeanza, kwa sababu sharti umeshawekewa: pikseli 512 kwa 512, stika isiyosogea isizidi kilobaiti 100, na pakiti moja iwe na stika 3 mpaka 30. Chora tatu, mpelekee bibi, shangazi na mdogo wako. Ukiona wanazitumia wenyewe bila wewe kuwaomba, endelea.

Yapo mawili ninayoyashikilia kwa nguvu.

La kwanza ni kwamba mchezo uwe na mwisho. Mimi natumia siku ambazo tayari zipo: Idd, sikukuu ya Mapinduzi tarehe 12 Januari, Mwaka Kogwa wa Makunduchi mwezi wa Julai. Kadi za mihuri lazima ziwe mikononi mwa watu asubuhi ya Idd, ziwe nzuri au za wastani. Kazi ya pembeni isiyokuwa na siku ya kukabidhiwa inageuka mzigo, unaanza kuiona haya.

La pili ni la heshima. Nakshi za ukili, maua ya hina na viua vya kofia vina wenyewe, na wengi wao ni akina mama ambao jina lao halijawahi kuchapwa popote. Ukitaka kumnakili mtu, mwendee, mwombe, mwoneshe ulichokifanya, na kama kitaingiza pesa mgawie kabla hajakuuliza. Mama mdogo nilimwandikia jina lake kwenye daftari, ukurasa kwa ukurasa, ili nisije nikasahau ua lipi ni lake na lipi nimelibuni mwenyewe. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003, mbali na ile ya Bara, na inafaa kila mbunifu aisome. Lakini hata pale ambapo sheria imenyamaza, mshonaji wa kofia anaijua kazi yake akiiona kwenye fulana ya mtalii mtaa wa Gizenga, na hatakuwa na furaha.

Kuhusu kuuza: watakuja watu watake kununua, na hakuna ubaya. Mimi nauza chapa za mihuri kwenye karatasi, nauza na kadi. Aikoni za daftarini na kanga za kompyuta siziuzi, hata nikipewa bei nzuri, na sababu naijua vizuri. Siku nitakayoziuza nitaanza kuwaza ni rangi gani inayokwenda haraka, kisha nitatafuta mchezo mwingine wa kuziba nafasi yake. Kwa hiyo acha angalau mmoja usiowekwa bei. Wateja wakiuona wataelewa unaweza nini. Nami nimepata kazi zaidi ya moja kwa sababu mtu aliiona kanga ya mananasi kwenye simu ya shangazi.

Sasa nimeanza tiara. Njiti za ufagio wa chelewa, gazeti, gundi ya unga wa ngano, uzi, mkia wa kitambaa chakavu. Nawatengenezea watoto wa mtaani kwetu, Kikwajuni, na wao ndio wanaonipa sharti: kila tiara iwe na picha ambayo aliyesimama chini ataitambua ikiwa juu kabisa. Nilidhani viboksi 32 ni vichache. Ikishapaa, hata 8 kwa 8 ni vingi, mistari myembamba yote inapotea, na kinachobaki ni weusi dhidi ya anga. Paka anatambulika kwa masikio. Pweza haeleweki kabisa. Wiki hii wameniagiza jahazi, na nimeshalichora mara kadhaa kwenye daftari, tanga tu na mstari mmoja wa chini, natafuta ukubwa wa tanga ambao hautavunja njiti upepo ukikaza.