Pikipiki kutoka Mtwara hadi Dar: nibebe nini?

Swali: Shikamoo fundi. Nipo Mikindani, nina Boxer 150 ambayo naizungushia mjini tu. Mwezi ujao nataka kwenda nayo Dar es Salaam, peke yangu. Nibebe vifaa gani?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Ni kilomita kama 560, na pikipiki yako inaziweza usipoikimbiza. Kinachonitia wasiwasi ni vile vipande virefu vya pori ukishaipita Mchinga kuelekea Nangurukuru. Huko pancha ni yako mwenyewe, fundi humwoni.

Kwa hiyo anza na tyubu. Soma namba ubavuni mwa tairi zako. Kama ni 2.75 mbele na 3.00 nyuma, zote za inchi 17, tafuta tyubu iliyoandikwa saizi zote mbili. Hiyo moja itaokoa gurudumu lolote. Ongeza viraka, solusheni, msasa, pampu ya mkono, liva mbili za tairi na spana inayofungua nati za ekseli zako hasa. Zijaribu hizo nati nyumbani. Mara nyingi zimekazwa na fundi mwenye spana ndefu, na kaspana kafupi ka safari hakazitikisi.

Tyubu ya akiba izungushie kitambaa, ikae mbali na vyuma. Mimi niliwahi kuifunga pamoja na spana, na mtikisiko wa barabara ukaitoboa ndani ya mfuko kabla hata sijaihitaji. Nilisukuma pikipiki saa mbili juani. Tangu siku hiyo tyubu yangu ina mfuko wake.

Ukipata pancha, usiwe na haraka ya kuingiza tyubu mpya. Pitisha vidole taratibu ndani ya tairi mpaka ukipate kilichochoma, msumari au mwiba, kwa sababu kikibaki humo kitaichoma na hiyo mpya. Kisha tia upepo kidogo kwenye tyubu kabla ya kuiingiza, isijikunje wala kubanwa na liva. Valvu isimame wima. Ukiiona imelala, tyubu imejivuta, irekebishe kabla hujajaza. Fanya zoezi hili zima mara moja nyumbani kwako, kwa vifaa hivyohivyo utakavyobeba. Hilo nakuomba sana.

Vingine ni vidogo: plagi na spana yake, waya wa klachi, fyuzi, globu ya taa kubwa, loki ya cheni (kile kiungo chenye klipu kinachounganisha ncha zake mbili), bisibisi, koleo, waya laini wa kufungia na kichupa cha oili. Loki ukiifunga, upande wa klipu uliozibwa utazame mwelekeo cheni inakokwenda, la sivyo inaweza kuchomoka njiani. Petroli usiibebe kwenye chupa za maji. Joto la mchana huku kwetu huzivimbisha, na mvuke wake unatafuta cheche. Jaza tangi Lindi, jaza tena Nangurukuru hata kama bado unayo.

Mwilini: helmeti inayofunika uso mzima, mkanda umefungwa. Glavu, viatu vinavyofunika vifundo vya miguu, koti gumu la mikono mirefu hata kama jua ni kali, na koti la mvua. Koti la kuakisi mwanga ni la lazima kwangu, zaidi ukisafiri msimu wa korosho, malori yanapokuwa mengi. Lori likikupita, upepo wake hukusukuma kisha hukuvuta; shika usukani kwa utulivu, usiukaze. Maji lita mbili, na unywe kabla ya kiu. Leseni, bima na kadi ya pikipiki vitie kwenye nailoni.

Mzigo mzito ukae chini na karibu na mwili wako. Ukiuweka juu ya keria, nyuma kabisa, usukani unakuwa mwepesi na pikipiki inaanza kuyumba. Funga kwa mpira wa kukata tyubu kuukuu, ncha zote uzifiche, maana ncha moja ikiingia kwenye cheni inaweza kufunga gurudumu la nyuma.

Na cheni yenyewe hukazika mzigo ukiikandamiza pikipiki. Ulegevu uliopimwa bila mzigo si ule utakaosafiri nao. Wiki moja kabla ya safari njoo Mtwara mjini ukiwa umefunga kila kitu, tuipime hivyohivyo na wewe ukiwa umekaa juu yake.