Mahindi yamedumaa Urambo: je, mbolea ya dukani inaua udongo?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Niko Urambo, nalima tumbaku na mahindi kwa kupokezana. Mahindi nakuzia SA (mbolea ya salfeti ya amonia) miaka yote. Kila msimu naongeza mbolea, lakini yanadumaa na majani yanaingia zambarau. Wazee wanasema mbolea ya dukani imeua ardhi. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Wazee hawako mbali na ukweli, ingawa mbolea yenyewe si sumu. Bakteria wa udongoni wanapogeuza amonia ya SA kuwa naitreti, hubaki tindikali. Kichanga chetu cha Tabora hakina nguvu ya kuihimili, kwa hiyo uchachu unapanda mwaka hadi mwaka. pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka kadiri uchachu unavyopanda, ikifika chini ya 5.5, aluminiamu iliyojificha kwenye udongo huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi, na fosforasi hushikwa mmea usiipate. Zambarau unayoiona ni njaa ya fosforasi. Ukizidisha SA hapo unanunua tatizo kwa pesa yako.

Ng'oa mche mmoja uliodumaa. Mizizi ikiwa mifupi, minene, haina vinyweleo, shaka yangu inaongezeka. Halafu tazama mahindi yaliyoota pale ulipochomea visiki. Yakiwa yamekolea kijani wakati wenzake wamenyong'onyea, ni majivu hayo yamekata tindikali. Nanyi wenye mabani ya kukaushia tumbaku mnachoma kuni za miombo matela kwa matela, kisha majivu mnayamwaga! Yapelekeni kwenye mahindi, ila msiyatie siku moja na mbolea, amonia itapotelea hewani. Hata hivyo hayatatosha ekari nzima.

Dawa ni chokaa ya kilimo. Mfuko wa SA wa kilo 50 hudai chokaa kilo 55 hivi kufuta tindikali yake. Kwa kukuzia, hamia CAN (mbolea ya naitrojeni yenye chokaa ndani yake), au mbolea ya yurea kama utaifukia. Kwa naitrojeni ileile SA huchachua udongo karibu mara tatu ya yurea.

Kiasi cha chokaa usikikisie. Chota udongo sehemu kama 15 za shamba, kina cha sentimita 20, ukikwepa vichuguu na penye majivu. Changanya kwenye ndoo ya plastiki, chukua nusu kilo, kaulizie vipimo kituo cha utafiti Tumbi. Fanya hivyo kiangazi hiki, maana chokaa inatakiwa iingie shambani wiki kadhaa kabla ya mbegu.