Saa Ambazo Bodi Imezikubali

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimejikuta nimesimama kwenye sentensi ambayo wewe uliipita haraka. Swali lako ni la wazi: bodi ya kusajili wanasaikolojia imekataa kukuhesabia saa 400 kati ya 1,500 ulizoandika katika daftari lako la mazoezi, kwa kuwa leseni ya msimamizi wako wa pili ilikuwa imekwisha muda bila yeye kuihuisha na bila wewe kujua, nawe wataka kujua kama ukate rufaa ndani ya siku 14 ulizopewa, au unyamaze, uzirudie saa hizo, na mtihani wa usajili uusubiri hadi mwakani. Nitafika hapo. Wanijua, sifiki popote kwa njia iliyonyooka, na baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba mtu akiniuliza saa namweleza kwanza jua lilichomoza upande gani.

Hasira yako naielewa. Unasema namba hizi zimetungwa mezani, na ushahidi wako ni kwamba kila nchi ina zake. Ni kweli. Marekani, ambako jimbo la Connecticut lilipitisha sheria ya kwanza ya leseni za wanasaikolojia mwaka 1945, hadi leo kila jimbo lina hesabu yake: California inataka saa 3,000 za kazi chini ya usimamizi, na angalau 1,500 kati ya hizo zifanywe baada ya shahada ya udaktari, ilhali majimbo mengine yameliacha sharti hilo la baada ya udaktari tangu chama chao cha kitaifa kilipopendekeza hivyo mwaka 2006. Cheti cha Ulaya kiitwacho EuroPsy kinadai miaka 5 ya masomo na mwaka mmoja wa mazoezi yanayosimamiwa, kisha kihuishwe kila baada ya miaka 7. Australia ilikuwa na njia ya miaka 4 ya chuo na 2 ya kazi chini ya msimamizi, ikaifunga kwa waombaji wapya mwaka 2022. Japani haikuwa na leseni ya kitaifa ya wanasaikolojia mpaka sheria yake ilipoanza kutumika mwaka 2017, na mtihani wa kwanza ukafanyika mwaka uliofuata. Je, aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa kule mwaka 2016 hakuwa mwanasaikolojia? Alikuwa. Basi nakubaliana nawe kwamba hakuna aliyewahi kumpima mwanagenzi kwenye saa ya 1,499 akamkuta bado mbichi, na kwenye saa iliyofuata akamkuta ameiva.

Lakini California hiyohiyo ina sharti ambalo hukulitaja, nalo ndilo ninaloliheshimu kuliko hizo elfu tatu: katika kila wiki ya kazi, usimamizi usipungue asilimia 10 ya saa zilizofanywa, na angalau saa moja kati ya hizo msimamizi na mwanagenzi wakutane wao wawili tu. Aliyekiandika kifungu hicho alijua kwamba saa za mwanagenzi hazina uzito mpaka mtu mwingine awe amezitazama. Msimamizi ni jicho kabla ya kuwa kalamu. Ndiyo, nakumbuka jinsi wewe na kaka yako mlivyokuwa mkiyaigiza maneno haya mezani kwa sauti yangu, hata wageni wakacheka kabla sijayamaliza. Nayarudia hata hivyo.

Kuhusu leseni iliyokwisha muda, nimejaribu kukaa upande wako nikashindwa kutulia. Mtu asiyekuwa kwenye rejista bodi haina mkono juu yake. Mteja akidhurika kwa sababu mwanagenzi alifuata maelekezo, anayepaswa kuitwa ajieleze ni msimamizi, na asiyesajiliwa haitiki wito wowote. Tazama Uingereza, ambako tangu mwaka 2009 baadhi ya majina ya taaluma yetu yamelindwa kisheria: mtu hawezi kujiita mwanasaikolojia wa kliniki bila kusajiliwa, lakini neno “mwanasaikolojia” likisimama peke yake yeyote aweza kulibandika mlangoni pake. Jambo hilo sijawahi kulielewa, na wala sitaki kuelezwa. Kwa hiyo msimamizi wako alikosa, hata kama ni mtu mwema, na wewe ulipaswa kulitafuta jina lake kwenye rejista kabla ya kuanza. Hapana, hilo la mwisho nalifuta. Mwanagenzi gani humdai msimamizi wake leseni siku ya kwanza? Mimi sikumdai wa kwangu.

Sasa, sentensi iliyonisimamisha ni hii, nayo nainakili kama ulivyoiandika: “Saa 1,100 za kwanza hazina tatizo, mkuu alizisaini zote alasiri moja kabla ya kwenda likizo.” Msimamizi wako wa pili, huyo aliyekataliwa, kwa maelezo yako mwenyewe, alikaa nawe kila Alhamisi, akasikiliza kanda za mazungumzo ambazo wateja walikuwa wameridhia zirekodiwe, akakusimamisha pale ulipomkatiza mjane aliyekuwa bado anatafuta neno. Huyo mkuu aliyekubaliwa, hukuandika popote kwamba aliwahi hata kuufungua mlango wa chumba chako. Wewe unaniuliza juu ya saa 400, na mimi nimekosa usingizi kwa ajili ya hizo 1,100.

Unakumbuka mwaka ule niliokuwa nikirudi jioni na kukaa sebuleni bila kuwasha taa, mpaka ukamwuliza baba yako kama tumegombana. Hatukuwa tumegombana. Nilijiambia kwamba siwaelezi kwa sababu ya siri za wateja, na sehemu yake ilikuwa kweli, lakini sehemu kubwa ilikuwa aibu. Nilikuwa na miaka mitatu tangu niruhusiwe kusimamia, leseni yangu ikiwa hai, cheti kikiwa ukutani, na wanagenzi watano chini yangu. Mmoja wao, kijana mwerevu mwenye mwandiko mzuri, alimpima mtoto wa miaka 8 ambaye shule ilimleta kwa kuwa hafuati masomo. Alitumia kipimo cha akili chenye sehemu mbili, moja ya maneno na nyingine ya kutenda kwa mikono, akaandika ripoti ya kurasa nne katika lugha safi kabisa: alama ya jumla 73, na pendekezo kwamba mtoto ahamishiwe darasa la wanafunzi wenye upungufu wa akili. Niliufungua ukurasa wa mwisho, nikauona umeandikwa inavyotakiwa, nikasaini. Chai yangu haikuwahi hata kupoa.

Mtoto yule alikaa katika darasa hilo karibu miaka miwili, hadi mwalimu mpya alipogundua kwamba akiitwa hageuki, akiguswa bega anageuka. Alipopelekwa kwa wataalamu wa masikio ikaonekana kwamba usikivu wake ulikuwa umepotea kwa kiasi kikubwa, masikio yote mawili. Habari iliponifikia nilikwenda kabatini nikalitoa faili, na kwa mara ya kwanza nikaufungua ukurasa wa pili. Sehemu ya maneno, 58. Sehemu ya kutenda, 92. Katika kipimo ambacho wastani wake ni 100 na mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho alama za watu kwa kawaida huachana na wastani huo, ni 15, tofauti ya alama 34 hailali kimya ndani ya karatasi. Inapiga kelele, na ile alama ya jumla ya 73 ilikuwa imeifunika kama mkeka unavyofunika shimo. Nikaendelea hadi karatasi za majibu. Pembezoni, kwa penseli, kijana alikuwa ameandika “anaomba nirudie swali” mara sita. Aliyaandika yote aliyoyaona, kama nilivyomfundisha. Kilichokosekana ni mtu wa kuyasoma na kumwuliza: masikio yamepimwa?

Mama wa mtoto alikuja ofisini. Hakupaza sauti. Aliiweka ripoti mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa chini ulioandikwa “Imesimamiwa na”, penye jina langu, akaniuliza: “Wewe ulimwona mwanangu?” Nikaanza kumweleza utaratibu wetu, kwamba mwanagenzi hupima na msimamizi hupitia. Akaniacha nimalize, kisha akauliza tena kwa maneno yaleyale. Nikasema hapana. Akaikunja karatasi yake, akaitia mkobani, akaondoka. Nilingoja wito wa bodi kwa miezi kadhaa, na siwezi kukueleza jinsi nilivyotamani uje, lakini mama yule hakushtaki. Leseni yangu ikaendelea kuhuishwa bila swali, na saa za kijana yule zikahesabiwa zote, pamoja na zile mbili alizotumia kumpima mtoto asiyesikia.

Najua utakavyonijibu. Utasema kwamba hadithi yangu inakupa wewe ushindi, kwa kuwa inaonyesha bodi hutazama leseni wala haitazami jicho, na kwamba mimi niliyekuwa na leseni hai nilistahili kufutiwa kuliko msimamizi wako wa Alhamisi. Ni kweli, na sina ubishi. Ila kuna usiku mwingine huwa najibishana na hoja hiyo. Kama pasingekuwa na sharti la sahihi ya msimamizi aliyesajiliwa, jina langu lisingekuwa kwenye karatasi ile, na mama yule asingekuwa na mtu wa kumwuliza. Sahihi ilimwelekeza mlango wa kubisha. Kisha najirudi tena: kumpata wa kumwuliza kulimfaa nini, ilhali miaka miwili ya mtoto wake ilikwisha kwenda? Hapo ndipo ninapokwama kila mara, na nimestaafu nikiwa bado nimekwama.

Baada ya hapo nilibaki na wanagenzi wawili tu, na sikusaini tena ripoti ambayo sikuona alama zake ghafi, wala saa za mazungumzo ambayo sikuyasikiliza angalau kwa sehemu au kukaa pembeni nikitazama. Mapato yakapungua. Ndio mwaka tulipoifuta ile safari, nawe ukaninunia hadi shule zikafunguliwa. Msimamizi ni jicho, mwanangu, na jicho lina gharama yake.

Mtihani usikutie hofu, nimeuona utaratibu wake nao si mgumu kwa mtu aliyesoma kama wewe. Ule unaotumika Marekani na Kanada una maswali 225, na 50 kati yake hayahesabiwi kabisa kwa kuwa yanafanyiwa majaribio, wala mtahiniwa hajui ni yapi. Kwa hiyo hata huko watu hutoka jasho lisilohesabiwa, isipokuwa wao wametangaziwa mapema.

Sasa rufaa. Aya hii nimeiandika na kuifuta mara mbili. Jibu ninalo, liko kwenye ncha ya ulimi, na sitalisema, kwa sababu nikilisema utalifuata kwa ajili yangu, na likigeuka utaninunia tena kama mwaka ule wa safari. Nitasema tu kwamba ukiamua kukata rufaa, usiende na hoja ya namba za kutungwa mezani, maana bodi imeisikia kabla hujazaliwa. Peleka kumbukumbu za kila Alhamisi, tarehe kwa tarehe, na maelezo ya msimamizi mwenyewe akikiri kwamba kosa la leseni ni lake. Ila ufahamu kwamba rufaa haifungui kurasa unazozitaka wewe peke yake. Inafungua daftari zima, na mjumbe mmoja mwenye macho anaweza kukuuliza zile 1,100 zilisimamiwaje.

Kwa hiyo kabla ya Jumapili, keti na daftari hilo na penseli. Anza ukurasa wa kwanza, na kando ya kila saa ambayo mkuu yule alikuona ukifanya kazi, au alisikiliza kanda yake, au alizifungua karatasi za majibu akazisoma, weka alama ndogo. Ukimaliza nipigie uniambie ziko ngapi.

Mama yako